Tano kwa tano maabara, tatu kwa kumi na tano kwenye testi: kisa cha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

Kisa chenyewe

Kisa hiki ni cha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja cha umma nchini Tanzania, aliyekuwa anasoma somo la utangulizi wa kuandika programu kwa lugha ya C. Mimi nilikuwa mkufunzi msaidizi wa somo hilo: nasimamia maabara, nasahihisha mazoezi, nasikiliza malalamiko. Mwanafunzi nitamwita K. Jina la chuo, mwaka na mkoa alikotoka nimeviondoa, pamoja na vitu vingine ambavyo wenzake wa darasa wangevitumia kumjua. Yeye mwenyewe amelisoma andiko hili kabla halijatoka na amenisahihisha mahali pamoja, nitapataja.

Nimeandika kwa sababu hali ya K. inajirudia kila muhula. Mwanafunzi ana alama nzuri za maabara, testi inakuja anaanguka vibaya, na sisi walimu jibu tunalo tayari mdomoni: ametazamia, yaani amenakili kwa wengine. Kwa K. jibu hilo lilikuwa nusu kweli. Nusu iliyobaki ndiyo ninayotaka kuieleza.

Mazingira

K. alimaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) akiwa na divisheni wani. Hesabu aliipenda, na anaifanya kwa mwandiko ule wa watu wanaoipenda, alama za usawa zimepangwa wima kama vifungo vya shati. Kompyuta alikuwa ameigusa mara chache sana. Shule yake ilikuwa na chumba cha kompyuta, ila mashine nyingi zilikuwa zimekufa na ufunguo ulikaa kwa makamu mkuu wa shule. Chuoni alikuja na mkopo wa Bodi ya Mikopo, simu ya kawaida, na bila laptopu. Alipanga chumba mbali kidogo na chuo, daladala moja kwenda na moja kurudi.

Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 200. Mhadhara ulikuwa saa mbili kwa wiki kwenye ukumbi mkubwa, na maabara ilikuwa na mashine 40, kwa hiyo waliingia kwa makundi, wawili wawili kwa kila mashine. Aliyewahi kupita maabara ya namna hii anajua kinachotokea: anayejua anashika kibodi, asiyejua anashika kidevu. Wakufunzi wasaidizi tulikuwa wawili.

Alama ziligawanywa hivi. Kosiweki, yaani kazi na testi za ndani ya muhula, 40, mtihani wa mwisho wa muhula, ambao kila mtu anauita UE, 60. Ndani ya kosiweki kulikuwa na mazoezi manne ya maabara yenye jumla ya alama 10, na testi mbili za alama 15 kila moja. Asiyefikisha 16 za kosiweki haingii UE. Anayepata chini ya 40 kwa 100 anakwenda sapu, yaani mtihani wa marudio.

Testi na UE ni kwa kalamu na karatasi. Watu wa nje hushangaa kusikia kwamba mtu anaandika programu kwa mkono. Sisi hatushangai: watu 200, mashine 40, na umeme ambao hauna mkataba na mtu.

Halafu kuna madesa. Kundi la WhatsApp la darasa lilikuwa na majibu ya mazoezi ya mwaka uliotangulia, yaliyoachwa na kaka na dada zao. Yalikuwa na faida kwa sababu mazoezi yetu tulikuwa hatuyabadilishi sana. Hilo ni la kwetu, wala sitalizunguka.

Wiki ya sita

Kabla ya testi ya kwanza K. alikuwa amefanya mazoezi mawili ya maabara na kupata alama zote, tano kwa tano. Kwenye testi akapata 3 kati ya 15.

Karatasi yake naikumbuka. Swali la mwisho lilitaka programu inayosoma namba mpaka mtu aandike sifuri, kisha itoe jumla. K. alikuwa ameandika `#include <stdio.h>` bila kosa, akafungua `int main()`, akafunga mabano yote, akamaliza na `return 0;`. Katikati hapakuwa na kitu, nafasi nyeupe ya mistari minane hivi. Paa lipo, msingi upo, kuta hakuna.

Mhadhiri wa somo alinipa orodha ya watu kumi na wawili wenye pengo kubwa kati ya maabara na testi, akasema niandike barua kwa kamati ya nidhamu kuhusu kunakili kazi. Nikamwomba wiki moja niongee nao kwanza. Akakubali, kwa shingo upande.

Mazungumzo ya kwanza

K. alikuja saa kumi jioni, akakaa pembeni ya kiti. Nilimwekea mbele zoezi lake la pili, lililopata alama zote, nikamwomba anisomee.

Alisoma vizuri kabisa. "Wakati n ni ndogo kuliko au sawa na kumi, jumla sawa na jumla ongeza n." Mwenye kusikia angesema huyu anajua. Ila nilikuwa nimejiandaa na swali jingine. Nikamwandikia mistari mitatu kwenye karatasi:

bei = 500;
jumla = bei * 3;
bei = 700;

"Jumla ni ngapi sasa?"

"Elfu mbili na mia moja, mwalimu."

Hakusita hata kidogo. Jibu ni 1500, kwa sababu mashine ilishazidisha kwenye mstari wa pili na kuendelea na safari yake. Haikumbuki kwamba jumla ilitokana na bei. Kwa K., mstari wa pili ulikuwa mlinganyo, na mlinganyo haulali: bei ikipanda, jumla inapanda nayo. Kwa mtu wa PCM hilo ndilo jibu la akili timamu.

Akafungua daftari lake la mhadhara kunionyesha kitu kilichokuwa kinamsumbua tangu wiki ya pili. Alikuwa amenakili `x = x + 1` kutoka ubaoni. Chini yake, kwa penseli, alikuwa amehamisha x kwenda upande wa pili na kupata 0 = 1. Pembeni ameweka alama ya kuuliza, na alama hiyo ameizungushia duara. Wiki tano ilikaa pale peke yake.

Nikampa jingine, na hili naomba msomaji alijaribu kwa kidole kabla ya kuendelea:

n = 1;
while (n < 4) {
    n = n + 1;
    printf("%d ", n);
}

Mashine itachapa 2 3 4. K. alisema 2 3. Nikamuuliza 4 imekwenda wapi. "n ikishakuwa nne si ndiyo mwisho? Imeambiwa wakati n ni ndogo kuliko nne. Sasa siyo ndogo tena."

Kwake sharti la `while` lilikuwa kama mlinzi anayechungulia dirishani muda wote. N ikivuka mpaka, lupu, yaani ile sehemu inayojirudia, inakatwa hapo hapo, hata kama iko katikati ya mabano. Hakuna aliyemwambia kwamba sharti linaulizwa pale juu tu, kila mara mashine inaporudi mlangoni.

Sasa zile alama tano kwa tano zilitoka wapi? Zoezi la kwanza, alikiri, lilikuwa desa na majina kubadilishwa. Zoezi la pili alilifanya mwenyewe na mwenzake wa mashine. Lupu ilipotoa namba pungufu walibadilisha `<` ikawa `<=`. Ilipozidi wakarudisha, wakaanzia sifuri badala ya moja. Walikuwa wanazungusha funguo mpaka mlango ufunguke. Maabara mashine inakompaili, yaani inageuza ulichoandika kiweze kuendeshwa, na kukujibu kila sekunde tano, unabahatisha mpaka ulingane na jibu lililoandikwa kwenye karatasi ya zoezi. Kwenye testi kuna kalamu tu, na kalamu haikompaili.

Nilichoamua, na kwa nini

Kwanza, sikumpeleka kamati ya nidhamu. Zoezi la kwanza alilinakili, kweli, lakini nilikuwa na hakika kwamba adhabu ingemfundisha kunakili kwa uangalifu zaidi, basi. Mhadhiri nilimwonyesha lile daftari lenye 0 = 1. Aliliangalia kwa muda, akasema, "Na mimi siku ile niliona mikono miwili imenyooshwa nyuma nikaipita, muda ulikuwa umekwisha."

Pili, tulikubaliana nusu saa mara mbili kwa wiki, kwa wiki tano, na katika wiki mbili za mwanzo hatutagusa kompyuta. Hili K. alilipinga, na alikuwa na hoja. "Mwalimu, kompyuta ndiyo ninayoikosa, na wewe unaniondolea hata hiyo kidogo." Nilimjibu kwamba kwa sasa kompyuta inamsaidia kubahatisha. Hakuridhika, lakini alikuja.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kizamani. Unachora jedwali, kila veriabo (jina linalobeba thamani, kama bei au jumla) na safu yake. Unapita kwenye programu mstari kwa mstari, ukifika kwenye mstari unaobadilisha thamani unakata ya zamani na kuandika mpya chini yake. Kabla ya kila mstari unasema kwa sauti nini kitatokea. Baada ya hapo tu ndipo unaruhusiwa kusogea.

Tatu, na hili lilikuja lenyewe, tuliacha kusoma msimbo kwa Kiswahili kile cha tafsiri ya haraka. Somo linafundishwa kwa Kiingereza, lakini K., kama wengi wetu, anafikiri kwa Kiswahili, na tafsiri aliyoijenga kichwani ndiyo iliyokuwa inamwangusha. Alama ya `=` aliisoma "sawa na". Tukakubaliana kuisoma "iwe": x iwe x ongeza moja. Ukisikia "iwe" unajua ni amri, kitu kinafanywa sasa hivi kikaisha. Hakuna anayehamisha amri kwenda upande wa pili. "Sawa na" tukaibakiza kwa `==`, na mbele yake "je": je, x ni sawa na moja? Kuhusu `while`, neno "wakati" ndilo lililomleta yule mlinzi wa dirishani, maana ukisema "wakati mvua inanyesha tubaki ndani" una maana dakika zote. Tukasoma: ukifika hapa uliza, kama bado, ingia.

Sikuwa na nadharia yoyote hapo. Ni kwamba nilimsikia akisoma nikashtuka.

Nikiri pia kosa ambalo lilikuwa langu moja kwa moja. Wiki ya kwanza maabara niliwaambia wanafunzi kwamba veriabo ni kama sanduku, unaweka kitu ndani. Katika kikao cha pili nilimwandikia K. `a = 5; b = 9; a = b;` akaniambia a ina tano na tisa, na b imebaki tupu. Kwa nini tupu? "Umesema tunaweka b kwenye a. Ukiweka sukari kwenye kopo, mfuko unabaki na nini?" Sanduku langu lilifanya kile ambacho masanduku hufanya: linapokea vitu vingi, na kinachoingia kinatoka mahali pengine.

Mfano uliofanya kazi aliuleta mwenyewe. Mama yake ana genge. "Mteja akichukua nyanya za mkopo mama anaandika elfu moja na mia tano. Kesho nyanya zikipanda, daftari halipandi." Hapo ndipo ile mistari mitatu ya bei na jumla ilipoisha kuwa tatizo. Sikuwa nimefikiria daftari la madeni hata mara moja, nami nimekua nikitumwa kwa Mangi, mwenye duka, na daftari mkononi.

Zoezi la tatu alilifanya wiki ya nane, peke yake. Programu ilikuwa ndefu kuliko ilivyohitajika na ilikosea kwenye namba hasi. Alipata 2 kati ya 2.5, pungufu ya alivyokuwa akipata kwa madesa na kubahatisha.

Jumal

Wiki ya tisa bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, lilichelewa. K. hakuja kwenye vikao viwili. Baadaye alinieleza kwamba nauli ilikuwa inatosha siku tatu kwa wiki na alizipa mihadhara ya masomo mengine, na kwamba kwa siku kadhaa alichokuwa anakifikiria ni chakula.

Wiki ya kumi ilikuwa siku ya kukusanya zoezi la nne. Nikiwa nasahihisha usiku nilikutana na veriabo iliyoitwa `jumal`. Mtu alikuwa amekusudia kuandika jumla, vidole vikateleza. Kompaila haijali tahajia ya Kiswahili. Mradi umelitangaza hivyo na kulitumia hivyo hivyo kila mahali, programu inafanya kazi. Karatasi tatu mbele nikaona `jumal` nyingine. Hadi namaliza zilikuwa saba. Mojawapo ilikuwa ya K.

Niliandika sifuri kwenye zote saba, nikabandika orodha, nikalala. Kanuni zinaruhusu. Sikumwita hata mmoja.

K. alikuja siku ya tatu. Hakuomba arudishiwe alama. Alisema tu, "Nilikuwa ninaweza kuandika nusu yake. Nikajua nusu haina kitu." Alikuwa sahihi. Utaratibu wetu wa kusahihisha maabara ulikuwa hivi: programu ikikompaili na kutoa jibu sahihi, alama, isipokompaili, sifuri. Mwenye nusu ya programu aliyoielewa na asiyefungua hata faili walikuwa wanapata kitu kimoja. Kwa mtu aliyekosa vikao viwili na ana usiku mmoja, kunakili kulikuwa na hesabu yake.

Tulirudi kwenye vikao, ila sasa ni wiki tatu zilibaki na tulikuwa hatujagusa kabisa safu za namba (array), yaani orodha ya namba chini ya jina moja.

Matokeo

Testi ya pili K. alipata 7 kati ya 15. Kosiweki yake ikawa mazoezi 7, testi 3 na 7, jumla 17. Akaingia UE kwa alama moja ya ziada.

Kwenye UE alipata 22 kati ya 60. Sehemu ya kwanza, ile ya kufuatilia programu na kusema inachapa nini, aliifanya vizuri kuliko watu wengi waliofaulu. Sehemu ya kuandika ilimshika kwenye safu. Aliandika lupu inayokwenda kutoka 0 hadi 10 ikiwa ndani yake na 10 yenyewe, wakati safu ya vitu kumi katika C inaanza na 0 na kuishia kwenye 9. Kosa hilo aliliandika kwenye maswali mawili.

17 na 22 ni 39. Sapu, kwa upungufu wa alama moja.

Muhula wa pili alisoma miundo ya data, somo ambalo wengi hulitaja kwa kushusha sauti kwa sababu ya pointa. Alipata B. Nilipomuuliza alifanyaje, alinionyesha kurasa za majedwali na mishale. Alikuwa ameendelea na kazi ya mkono bila mimi, na pointa kwake ilikuwa safu nyingine tu ya jedwali, ambayo ndani yake kumeandikwa mahali badala ya namba. Mwezi wa tisa akafanya sapu ya somo la utangulizi na kupata 58. Kwa kanuni za chuo sapu haizidi C, hivyo kwenye cheti chake somo jepesi litasomeka C na gumu B, na mwajiri atakayeangalia atadhani zimepinduliwa.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Nilichokutana nacho kwa K. kilikuwa kimeshaandikwa na watu wengine zamani, nami nilikuja kukisoma baadaye. Mwaka 2001 kundi la watafiti lililoongozwa na Michael McCracken liliwapima wanafunzi 216 wa vyuo vikuu vinne waliokuwa wamemaliza masomo ya mwanzo ya programu. Wastani ulikuwa alama 22.89 kati ya 110. Miaka mitatu baadaye Raymond Lister na wenzake, katika nchi saba, waliacha kuwauliza wanafunzi waandike na wakawauliza wasome: hii inatoa nini, hapa panakosekana mstari upi. Wengi walianguka hata hapo. Hoja yao ni rahisi kuielewa ukiwa maabara: tunalaumu uwezo wa kuandika, wakati mtu bado hawezi kufuatilia kile kilichokwisha kuandikwa.

Jedwali la mkono lilimsaidia K. kwa sababu lilimlazimisha kutabiri. Mashine ikikupa jibu kabla hujasema lako, akili inalipokea na kujiambia ilikuwa inalijua. Ukishaandika 2100 kwa kalamu, huwezi kujidanganya tena kwamba ulikuwa unafikiria 1500.

Kuhusu "iwe". Mwenzangu mmoja alinipinga: mtihani ni wa Kiingereza, kazi zitakuwa za Kiingereza, kwa nini umrudishe mtu kwenye Kiswahili? Sikumrudisha. Alikuwa huko tayari. Nilichofanya ni kubadilisha neno moja alilokuwa analitumia kimya kimya. Tena lawama yote si ya Kiswahili. Alama ya `=` ilibuniwa na Robert Recorde, mtu wa Wales, mwaka 1557, kwa maana ya vitu viwili vilivyo sawa, na ndivyo shule zote duniani zinavyoifundisha. Waliounda lugha ya ALGOL waliona hatari wakatumia `:=`, na Niklaus Wirth akafuata njia hiyo kwenye Pascal mwaka 1970. C ya Dennis Ritchie, iliyozaliwa Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilirithi `=` tupu kutoka lugha ya B ya Ken Thompson. Ni fupi kuiandika, na amri ya namna hii huandikwa mara nyingi kuliko swali la usawa. Mwanafunzi wa PCM analipa gharama ya ufupi huo. Kiswahili kwa bahati nzuri kina "iwe", kitenzi kizima cha kuamrisha hali, na tunakiacha mlangoni.

Kuachana na kamati ya nidhamu bado naona ulikuwa uamuzi sahihi. Kati ya wale kumi na wawili wa orodha, watatu baada ya mazungumzo walionekana hawakuwa wamegusa mashine tangu muhula uanze, na hao jedwali lisingewasaidia. Waliobaki walikuwa na kitu cha namna ya K., kila mmoja na chake.

Uchambuzi: kilichoharibika

Tulichelewa. Ile 0 = 1 iliandikwa wiki ya pili, sisi tukaiona wiki ya saba. Nilikuwa nimeandika katika rasimu ya kwanza kwamba K. aliogopa kuuliza. Hapo ndipo aliponisahihisha: "Sikuogopa. Sikujua kama kuna cha kuuliza. Nilidhani wote mnaona hivyo, ila nyie mmezoea." Sentensi hiyo imenisumbua kuliko nyingine zote, kwa sababu milango yetu yote ya msaada inamsubiri mtu anayejua kwamba amepotea.

Sanduku langu liliharibu, na huenda liliharibu kwa wengi zaidi ya K. Benedict du Boulay, aliyeandika mwaka 1986 kuhusu ugumu wanaokutana nao wanaoanza programu, aliuonya mfano wa sanduku kwa sababu hiyo hiyo. Ningekuwa nimesoma ningenyamaza.

Nilimpa mtu mmoja saa nyingi. Wale wenzake wanane waliobaki niliwapa kikao kimoja kimoja na karatasi ya mazoezi, na wawili kati yao waliishia kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, mwisho wa mwaka. Sijui namna ya kulieleza hili bila kuonekana najitetea. K. alikuwa anakuja, na anayekuja ndiye unayemhudumia.

Sifuri ya `jumal` ndiyo nisiyoweza kuimaliza. Kunakili kulikuwa kunakili. Ningempa sifuri tena leo? Kwa zoezi lile na kwa ushahidi ule, ndiyo. Lakini alama moja aliyoikosa ilikuwa ndani ya zoezi lile, na ile nusu aliyokuwa anaiweza ingempa zaidi ya moja kama tungekuwa tunasahihisha nusu. Tulitengeneza maabara ambamo kuandika nusu yako kwa uaminifu ni hasara, halafu tukawaadhibu waliofanya hesabu hiyo.

Kilichobadilika baada ya hapo

Mwaka uliofuata tuligusa mambo machache. Wiki ya tatu kuna karatasi ya maswali matano ya kufuatilia programu, haina alama, na ile mistari mitatu ya bei imo. Namba za kila zoezi zinatokana na tarakimu za mwisho za namba ya usajili ya mwanafunzi, kwa hiyo desa la mwaka jana linahitaji angalau kusomwa. Programu isiyokompaili inapata alama kwa kile kilichomo. Bumu bado linachelewa, hilo haliko mikononi mwetu. Tulichoweza ni kufungua maabara Jumamosi kwa wale wanaokaa mbali.

Na karatasi ya zoezi sasa ina safu mbili, ya kwanza "unatarajia nini", ya pili "imetoa nini". Safu ya kwanza inatakiwa ijazwe kwa kalamu kabla ya kuendesha programu. Wapo wanaoendesha kwanza, kisha wanarudi kuijaza. Si vigumu kuwajua: muhula mzima safu zao mbili hazijawahi kutofautiana.